Siku Tuliyomtoa Mama Barabara ya Mtoni

Oleta Gandee,
Harlow, West Virginia.
14 Aprili 1987.

Mpendwa mdogo wangu Verlin,

Pokea salamu za dada yako. U hali gani huko Texas? Na mgongo je, umepoa au bado unakutesa? Sisi miili ni mizima, ila mioyo ni habari nyingine. Mvua haijatupa nafasi hata ya kuanika shuka.

Wakati wa Mwaka Mpya uliniahidi kwamba utakuja. Hilo sitalisema mara mbili.

Barabara yetu ya mtoni imefungwa. Unaikumbuka ile kona chini ya mwamba, pale Baba alipokuwa akipiga honi hata kama hakuna mtu? Mto uliila kwa chini msimu mzima wa baridi, lami ikabaki inaning'inia. Jimbo likasema haliwezi kujenga upya maili tisa kwa ajili ya nyumba nne za wazee. Wakaambiwa wahame kabla Machi haijaisha.

Mama aligoma. Nikienda kumfungia vitu, nikigeuka tu anavitoa sandukuni na kuvirudisha kabatini.

"Mimi na baba yako tulikuwa hapa kabla ya lami," akaniambia. "Lami ikienda, sisi tutabaki."

Nikamwambia Baba yuko kaburini, hahitaji tena kupikiwa. Akanijibu, "Na wewe mdomo wako kama wa shangazi yako." Ukaidi wako umeutoa kwa Mama, usimsingizie mtu mwingine.

Kilichomvunja nguvu ni jirani yetu Dorsey Pruitt. Wengine walikuwa wameshaondoka, na Dorsey naye alipoanza kupakia kuku wake, Mama alisimama barazani akatazama, kisha akaingia ndani kuvaa koti lake la kanisani.

Tuliondoka asubuhi, ukungu umejaa bondeni. Gari langu mbele, mimi na Mama, la Dorsey nyuma na kuku wake na vyombo vya Mama, la mkwe wake mwisho. Taa tumewasha sababu ya ukungu, mwendo wa pole sababu ya ile kona. Nawe unawajua watu wetu: wakiona magari yamefuatana na taa zinawaka mchana, hawaulizi. Dereva wa lori la maziwa akaegesha pembeni, akashuka, kofia kifuani. Mbele kidogo tukawakuta mafundi wa barabara, walioleta mawe ya zege ya kufunga njia nyuma yetu. Wakazima mashine, wakasimama kwenye tope vichwa wazi.

Nilitaka kucheka. Nikasema, "Mama, jamani, wanadhani tunazika!"

"Wamekosea wapi?"

Ukungu ulipopungua nikapeleka mkono nizime taa. Akanizuia. "Taa ziache." Akampungia mkono kila aliyesimama, kama mfiwa anayepokea pole, mpaka tukatokea barabara kuu. Sijalia namna ile tangu tumzike Baba.

Sasa yuko kwangu, chumba cha nyuma. Maharage anayaonja tu, mkate wa mahindi anaumegamega sahanini. Siku ya kupamba makaburi sijui tutamfikiaje Baba. Imebaki njia ya mlimani, na Mama miguu ya kupanda mlima hana.

Kuna jambo sikukuambia kwenye simu. Tulipokuwa tunatoka nilitaka kufunga mlango wa nyumba. Mama akanishika mkono.

"Usiufunge. Verlin hana ufunguo."

Nikamtii. Nyumba iko nyuma ya mawe ya zege, mlango haujafungwa. Na hapa kwangu, kila gari likipunguza mwendo, anakwenda dirishani.

Msalimie mkeo Twila, na Denny mbusu kwa niaba ya bibi yake. Dorsey anakusalimu, kuku wamegoma kutaga tangu wahame. Barabara ya mtoni usiijaribu, pitia mjini. Mungu akulinde safarini, maana nataka kuamini umeshaanza safari.

Dada yako akupendaye hata akikukasirikia,
Oleta