Nani Alimfundisha Hodi Yetu?

Mami,

Mjukuu wako Wangari amebisha mlango wa maabara sasa hivi. Hakuniuliza. Ameteremka kutoka kwenye benchi, akavuta soksi yake juu, akaenda moja kwa moja mpaka kwa ule mlango mzito ulioandikwa usiingie, akabisha. Ko-ko, akanyamaza kidogo, halafu ko. Hodi yetu. Nimemvuta mkono nikamwambia hapa si kwetu Kiuu, hapa watu hawabishiwi ovyo. Ameniangalia vile wewe ulikuwa unaniangalia nikisema kitu cha kijinga. "Kwani ndani hakuna mtu?"

Nimemrudisha kwenye benchi. Ndiyo maana nakuandikia. Kuna mtu ndani, na huyo mtu ni wewe. Kidogo.

Wacha nianzie mahali pa kuanzia, maana najua utaniambia natapatapa. Niko Thika, kwa jengo la watafiti, fomu iko mapajani. Nesi amenipa kalamu ya kuweka sahihi akasema nisiwe na haraka. Nimechukua kalamu yake nakuandikia wewe, nyuma ya karatasi ya ziada. Nikimaliza na wewe ndio nitajua kama nitaweka hiyo sahihi.

Huku tuko sawa. Wangari ameanza shule, na ukimuuliza jina anasema "Wangari wa Cucu", utafikiri wewe bibi yake bado unamngoja getini. Ploti yetu ya kupanga imepata keretaka mpya wa kuitunza badala yako, mwanaume mmoja anayeacha funguo zote zikining'inia kwa msumari nje ya mlango wake, kila mtu anajichukulia. Ungeona hiyo ungefufuka ukamzaba kofi. Mimi bado niko namba tisa, chumba chetu. Blanketi yako nimeifua mara moja tu. Usiniulize kwa nini.

Sasa sikiza. Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mwanamke mwenye sauti ya upole, na wewe ndiye ulinifundisha, sauti ya upole kwa simu, ficha kitambulisho. Akasema, "Nakupigia kuhusu seli za mama yako." Nikamwambia mama yangu hajalala seli hata siku moja maishani mwake, na kama ni kesi mmechelewa, tulishamzika Gatanga. Nikakata.

Nilipomwambia Kamau, yule fundi wa simu, pale kibandani kwake Witeithie, alicheka mpaka simu aliyokuwa anarekebisha ikamwanguka. Halafu akaacha kucheka. "Lakini sista, seli gani?"

Yule mwanamke akatuma ujumbe mrefu. Ati yeye ni Daktari Makena, ati si seli za polisi, ni zile chembe ndogo zinazojenga mwili. Ati ulipopasuliwa titi, uliwaachia kipande cha uvimbe wakichunguze, na ukakubali mimi nitafutwe. Ati atapita Jumamosi, nisipotaka nimwambie tu asije. Sikujibu. Nilijua ni matapeli. Wewe ulikuwa umeniambia kile kitu kilitupwa.

Jumamosi nikiwa nafua, mlango ukabishwa.

Ko-ko. Ko.

Mami, povu lilinikaukia mikononi. Wangari alikuwa sakafuni mbele yangu, kwa hivyo si yeye. Kamau anajua kupiga teke tu. Na wewe nilikumwagia udongo kwa mikono hii hii. Nilikumbuka nikiwa darasa la nne, ukienda kufungulia wapangaji unaniacha peke yangu: "Njeri, akibisha vingine, hata kama ni pasta, hata kama analia, usifungue." Miaka hiyo yote sikuwahi kumfundisha mtu hodi yetu, isipokuwa huyu mtoto. Nikauliza "Nani?" kwa sauti haikuwa yangu.

"Ni Daktari Makena. Mama yako aliniambia nikibisha vingine hutanifungulia."

Nilifungua nusu. Mguu wangu ukabaki nyuma ya mlango.

Ni msichana wa Meru, si mkubwa kwangu sana, viatu vimejaa tope la kwetu. Hakujaribu kusukuma. Alinipitishia karatasi kwa ile nafasi, na pale chini nikaona sahihi yako, ile W yenye mkia mrefu kama wa paka. Hapo ndipo hasira ilinishika, na si yake. Ilikuwa yako. Uliniambia kimetupwa. Uliniangalia machoni, ukiwa umekaa kwa kitanda, ukaniambia "Kimetupwa, tusahau." Kumbe umekipatia watu. Kumbe nimekuzika ukiwa umepungua, na pasta akasema tunaurudisha mwili kwa udongo, na mimi nikaitikia amina ya uongo bila kujua. Nikaanza kushuku kila kitu. Zile siku ulisema unaenda Thika kubadilishiwa dawa na ukarudi jioni umechangamka, ulikuwa unaenda wapi? Ulikuwa unaongea nini na huyu msichana mpaka ukampa hodi yetu, kitu ambacho hata baba hakupewa?

Nilimwacha aingie kwa sababu Wangari alishamvuta mkono.

Alianza kunieleza mambo ya risepta. Nikasikia risepshen. Nikamuuliza ndani ya seli kuna risepshen ya nini, akacheka mpaka akashika ukuta, akasema sijakosea sana. Akachora nyumba nyuma ya bahasha. Hiyo ni seli, akasema. Mlangoni kuna kipokezi, na kila kipokezi kina hodi yake, ukibisha vingine hakisikii. Kikisikia hodi yake kinaamsha watu wa ndani. Akachora watu wadogo wamepangana kutoka mlangoni mpaka jikoni. Huyu anamwambia huyu, huyu anamwambia yule, mpaka mpishi anasikia, "Mgeni amefika, ongeza unga." Hao watu ni protini, kazi yao ni kupeleka habari tu. Seli ikisikia hivyo inakua, inajigawa. Mgeni akiondoka, wanatulia.

"Kwa mama yako," akasema, na hapa akaacha kuchora, "mlango uliharibika. Ulikuwa unasema kuna mgeni wakati hakuna mtu. Usiku na mchana. Na jikoni wanaongeza unga, wanaongeza, wanaongeza."

Ai, Mami. Wewe keretaka wa vyumba ishirini, uliyejua kila mlango kwa mlio wake, ukilala unasema "huyo ni namba tatu, amesahau funguo." Na mlango wa ndani yako mwenyewe ukapiga kelele hivyo bila wewe kuusikia.

Nikauliza anataka nini kwangu. Mtu hatoki Thika na viatu safi aje kuvichafua Kiuu bure. Akasema anataka damu yangu, kachupa kamoja, mtoto hatamgusa. Wengi mlango huharibikia njiani, ukubwani, na hiyo huishia kwao. Wachache huzaliwa nao umelegea. Akilinganisha damu yangu na seli zako atajua wewe ulikuwa wa aina gani. Na kama ulizaliwa nao, basi mimi naweza kuwa nao. Na nikiwa nao... hapo akamwangalia Wangari, ambaye alikuwa amejaza watu wengine kwa ile nyumba ya bahasha.

Nikaenda kuwasha jiko. Nilimpa chai, nikamwambia nitafikiria.

Kamau alisema, "Sista, hao wanakufanya panya wa majaribio. Wakishapata wanachotaka, utawaona tena?" Mama Brayo wa namba kumi alisema damu ikitoka haijui kurudi nyumbani. Kanisani sikusema. Kila mtu ana mtu anayemjua aliyepelekwa hospitali akatolewa kitu. Nami nililala nikijishika titi, hili, halafu lile, sina uvimbe, najishika tena. Nikaanza kushuku hata mwili wangu. Nikiwashwa huku nasema ndio huo mlango.

Ndipo juzi nikashuku kitu kingine. Nilimshuku Njeri. Nikajiuliza, wewe unaogopa daktari ni mwizi, ama unaogopa ni mkweli? Kwa sababu akiwa mwizi naweza kumfungia mlango nikalala. Akiwa mkweli, itabidi nijue.

Nikampigia nikamwambia nitakuja, lakini kwanza nataka kuona. Kama mama yangu yuko huko nionyeshwe.

Leo asubuhi amenionyesha. Amenivalisha koti jeupe refu, Wangari akabaki na nesi. Ametoa kisahani kidogo kwa kabati lenye joto, joto la mwili wa mtu, amesema, ndilo seli zinalolipenda. Nilitaka kukishika. Amesema pole, haziwezi kuguswa. Nikaangalia kwa ile hadubini tuliyochora darasani bila kuiona. Nilifikiri nitaona kitu kibaya, cheusi, kitu cha kuchukia. Nimeona vitu vyeupe vyembamba vimesongamana, kama wali ulioanza kuiva. Vinangojana. Nikasema "Mami" kwa sauti, Daktari akageuka akaangalia dirisha, kama ana kazi huko.

Nikamuuliza yote. Mnaziuza? Amesema hapana, na mahali imeandikwa amenionyesha kwa kidole, nikasoma mara tatu. Jina lake liko wapi? Amesema hapa ana nambari, ndio mtu mwingine asijue ni nani. Hiyo sikuipenda, nikamwambia, mama yangu alikuwa na jina. Je, mmepata dawa? Bado. Amesema wana kitu wanachojaribu cha kumnyamazisha yule mtu wa kwanza anayepeleka habari jikoni, kwa kisahani kinafanya kazi siku zingine, siku zingine hakifanyi. "Sikuahidi dawa, Njeri. Nakuahidi nikijua, utajua." Tapeli angeniahidi dawa. Hapo ndipo mguu wangu ulitoka nyuma ya mlango, kidogo.

Halafu nikauliza lile lililokuwa linaniuma. "Kwa nini mama alikupa hodi yetu?"

Amesema ile siku ya mwisho ulikuja na ukakaa sana. Ukamwambia una msichana hawezi kufungulia mtu, na wewe ndiye ulimfanya hivyo, na hukukosea, kwa sababu Kiuu ni Kiuu. Lakini kuna habari moja unataka imfikie hata kama umeshaenda. Ukabisha juu ya meza yake. Ukamfanya arudie. Alikosea, ukamwambia arudie tena.

Kwa hivyo hukuiuza. Uliituma.

Bado nimekasirika, usidhani nimemaliza. Ungeniambia. Ningelia, tungelia, halafu tungekunywa chai. Lakini najua ungeniona nikijishika titi kila siku na wewe bado uko hai, na hukutaka kuona hiyo.

Hii hapa ahadi, Mami, na ni moja tu. Damu ikisema mlango wangu ni mzima, nitakuja Gatanga nikuambie. Ikisema umelegea, nitakuja vilevile, nikuambie nimejua mapema kuliko wewe, na nitakuwa naangaliwa, na Wangari akikua atajua mapema kuliko mimi. Na siku wakimaliza na kile kisahani, Daktari ameandika kwa mkono wake pale chini ya fomu kwamba ataniambia, ndio nije nibishe juu ya udongo nikuambie umetimia, hakuna kipande chako kilichobaki huku. Wewe lala. Usiamke kwa kila mlio, sasa kuna mtu mwingine anasikiza.

Nimegeuza karatasi, nimeweka sahihi. N yangu imetoka na mkia, sijui imeutoa wapi.

Sasa kuna mtu nyuma ya mlango. Simwoni. Amebisha kutoka ndani, Mami, ko-ko, halafu ko, lazima ni Daktari anamjibu huyu mtoto, na Wangari ameruka kutoka kwa benchi, ananivuta sketi, anaita, "Mama, simama, wamejibu, fungua," na mimi nilikuwa nataka tu kukuambia kwamba ile blanketi bado ina harufu yako, na