Nguzo ya Kumi na Moja Ilikuwa Bado Imeshikwa na Barafu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Suhoi Navolok, Bahari Nyeupe

Jina: Yefim Savvich Kozhin. Umri: miaka 47. Kazi: nakodisha misumeno ya barafu, nauza samaki, na chochote kinachonunulika. Makazi: nyumba ya tatu toka gatini. Elimu: darasa la nne, ila nililirudia, kwa hiyo andika la tano.

Mnamo tarehe 14 Februari, saa mbili na nusu asubuhi, nilifika kwenye gati kuukuu linalobomolewa. Baridi ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Kreni ilikuwa inanyanyua nguzo za chuma. Mwendeshaji ni Gerasim Pankov, huyo mliyemfungia humo ndani.

Kwetu nguzo hainyanyuliwi hivi hivi. Wapiga mbizi wanaikata chini, sisi tunakata barafu kuizunguka, halafu tunangoja maji yajae. Barafu ikipanda peke yake, nguzo iko huru. Vikipanda pamoja, hao bado mume na mke, usiwaingilie.

Nguzo ya kumi na moja tuliizungushia msumeno jana yake. Usiku ikaganda tena. Gerasim akamwambia mhandisi, Vadim Olegovich, mtu wa Petersburg, "Bosi, Yefim apitishe msumeno tena, tungoje maji."

"Si ilikatwa jana?"

"Hata chai ulikunywa jana, bosi, na leo umekunywa."

Watu wakacheka. Mhandisi akachukia. "Vuta, au shuka nipandishe mwingine."

Mimi nilikuwa hatua tano tu, msumeno mkononi.

Saa tatu na dakika kumi Gerasim alivuta. Nguzo ikaja na bamba la barafu kubwa kama chumba cha kuogea. Kreni ikapinduka, ikamwangukia Arseny, mfunga minyororo. Ilimponda miguu yote miwili. Hakulia. Aliniuliza kama naiona kofia yake.

Jana mtu wa kampuni inayobomoa gati alikuja kwangu. "Mjomba Yefim, sema Gerasim alivuta bila amri. Msimu ujao tutakodi misumeno yako yote."

Nimeuza samaki wa juzi nikaapa ni wa leo. Lakini huu uongo siuuzi. Amri ilitolewa, niliisikia, na nitaisema hata huyo mhandisi akiwa amenikodolea macho.

Ndivyo nilivyoona na kusikia. Nimesomewa, na sipunguzi hata nukta.

Sahihi: Y. S. Kozhin

Yameandikwa nami, Sajini Lidia Mokeeva, saa nane mchana. Shahidi aliruhusiwa kuondoka, akakataa. Anasema ataondoka na Gerasim. Sasa ni saa kumi na moja, bado yuko kwenye benchi. Nimempelekea chai.