Pesa ya Supamaketi Si Yangu

Munyaka, Eldoret

Kwako Mama,

Habari za hapo nyumbani, na goti lako linaendeleaje na hii baridi? Huku sisi wazima. Mvua ni kila jioni na watoto wanakohoa kidogo, lakini wanakula. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu ya hapo mnaweka spika, na haya si ya majirani.

Nimesikia umemwambia dada yangu kwamba nimeficha pesa supamaketi huku nimekataa kukununulia mabati. Wacha nikueleze, kisha uamue mwenyewe.

Unajua nilikuwa kaunta ya mizigo, pale watu wanaacha mifuko kabla ya kuingia kununua. Sasa duka limeanzisha benki humo ndani, kando ya unga, ya watu kama sisi ambao benki za mjini tunaziogopa. Unafungua akaunti na kitambulisho na namba ya simu tu. Meneja akanihamishia huko, akasema akina mama wananijua.

Ni kweli wananijua, na hapo ndipo shida ilianzia. Kuna mama mmoja wa Turbo, Jepkosgei, anauza maziwa. Anataka kununua ng'ombe wake mwenyewe bila bwana yake kujua mapema. Nilipomuuliza namba ya simu akasema, "Andika yako. Kwani mfuko wangu nilikuwa naachia nani?" Simu ya kwao ni moja, na bwana ndiye anatembea nayo. Nikaandika yangu. Basi kila akiweka pesa, meseji inaingia kwangu, akija namsomea, anacheka, anaenda zake.

Siku moja Baba Brian akachukua simu yangu akitafuta tochi, akaona. Ai, Mama, huyo mtu alipiga kelele! "Tunakula sukuma wiki kila siku na wewe umekalia pesa ya ng'ombe!" Nikamwambia ni ya mteja. Akauliza ni mteja gani huyo anatumia simu ya bibi ya mtu. Ndiye alimpigia dada, na dada akakuletea wewe.

Nikamwambia Jepkosgei anunue laini yake. Alikasirika, akaniuliza kama nimemchoka. Lakini alinunua, na kasimu kadogo anakaficha ndani ya gunia la mahindi. Nikabadilisha namba. Sasa meseji haziji kwangu tena, na Baba Brian anasema eti hiyo pesa nimeificha vizuri zaidi. Wiki hii hatuongei. Naenda kazi, narudi, napika, tunalala.

Yeye asiponiamini nimeshazoea. Wewe kuamini bila kuniuliza, hiyo imeniuma, sitakudanganya.

Nisalimie dada, mwambie sina kinyongo naye. Nisalimie pia shangazi aliyenifundisha kusuka, na mjomba anayekuchungia ng'ombe. Mabati sijasahau.

Halafu uliuliza akaunti yangu iko na ngapi. Mama, nafungulia watu akaunti asubuhi hadi jioni, lakini mimi mwenyewe sina. Mshahara ukishalipa nyumba na unga, hakuna kitu inabaki ya kuweka.

Ni mimi mtoto wako,
Akinyi