Ndoo Nyekundu ya Shangazi

Marahaba, mjukuu wangu Agnesta.

Huku Ngumbo hatujambo, na kaka yako amepata mtoto wa kike! Swali lako la mdahalo nimelisoma mara mbili kwa furaha: bidhaa za nje zitozwe ushuru mkubwa au ziachwe ziingie tu? Mdahalo huo mimi niliushuhudia!

Biashara ilipofanywa huria, boti zilituletea ndoo za plastiki kutoka Malawi, ng'ambo ya ziwa. Tulizigombania. Shangazi yangu, mfinyanzi, akasimama kwenye mkutano wa kijiji akafoka: "Zitozwe ushuru mpaka zirudi zilikotoka! Mitungi yetu atanunua nani?"

Tukapiga vigelegele. Mama mmoja akauliza, "Na maji ya kukandia udongo wako unachotea nini?"

Watu wakaangua kicheko. Wote tulikuwa tumemwona na ndoo nyekundu.

Shangazi hakutetereka. "Nachotea ndoo! Mtungi unavunja shingo. Kwani shingo yangu si ya taifa hili?"

Loo, mkutano ulilipuka!

Chuoni watakupa upande mmoja, utetee kwa nguvu zote. Shangazi alikuwa pande zote mbili. Mtungi wake wa mwisho ninao. Maji nachota kwa ndoo, kisha namimina humo yapoe. Njoo unywe.

Bibi yako