Nati Zilizorudishwa Kaunta

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa kwa ombi lake. Umri: miaka 34. Kazi: fundi cherehani. Makazi: nyumba za kupanga nyuma ya soko.

Mume wangu alisambaza mikate kwa baiskeli mpaka gari lilipomvunja goti. Daktari alimwambia awe anakanyaga pedeli ndani ya nyumba, mguu usije ukakakamaa.

Mnamo tarehe 6 mwezi huu, asubuhi, nilikwenda duka la baiskeli na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, fundi wa magari. Tulitaka stendi ya mazoezi, ya kushikilia baiskeli ikanyagwe bila kwenda. Muuzaji akauliza baiskeli ina gia ngapi. Nikasema moja. Stendi ya kwanza akaiweka kando, ni ya baiskeli za gia nyingi. Ya pili ilikuwa rola tupu, baiskeli inakaa juu yake bila kushikwa. Akasema mwenye goti bovu ataanguka. Ya tatu inabana ekseli ya gurudumu la nyuma pande zote mbili. Tukachagua hiyo. Akatoa na nati mbili.

"Dada, fungueni za zamani mfunge hizi. Bila hizi itateleza."

Shemeji akacheka. "Mimi nashusha injini, wewe unanifundisha nati?" Akamsukumia nati zake, akabeba stendi.

Jioni aliifunga baiskeli kwenye stendi sebuleni, na nati zake za zamani. Mume wangu alikanyaga huku anatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu hilo tangu ajali. Kesho yake asubuhi baiskeli ilichomoka kwenye stendi, akaangukia goti lile lile. Daktari anasema hataendesha tena.

Shemeji hakuja hospitali. Alikwenda dukani. Nilipomfuata nilimkuta anampiga muuzaji kwa spana, akidai aliuziwa stendi bila nati. Nikasema, "Alikupa, ukazikataa." Hakunitazama. Muuzaji amepoteza jicho.

Jana mama mkwe aliniambia, "Ya ndani hayatoki nje. Ukienda kusema, huna mume."

Mume wangu alikuwa kitandani, anasikia. Tangu avunjike nimemlisha, nimemwogesha, nimembeba mgongoni kwenda chooni. Aligeukia ukutani.

Niliyoyaona na kuyasikia ni haya, nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa wa polisi: Shahidi amesomewa, amekubali ni sahihi. Ndugu wa mumewe wamekaa kwenye benchi la mapokezi. Ameomba kutokea mlango wa nyuma. Nilipomuuliza atalala wapi, aliuliza kama mlango huo umeshafunguliwa.