Herufi Chini ya Mpini

Liège, 20 Oktoba 1964

Shangazi Léontine mpendwa,

Asali ya mapeari uliyonitumia imefika salama, na kikohozi kinanipungua. Huku mvua haijakatika.

Bastola ya babu, unayotaka itundikwe ukumbini kwa meya, ninayo mezani kwangu hapa kazini, kwenye makumbusho, ili tuikague na kuiandikia cheti. Kwa kuwa mmeisugua na kuiweka mezani kando ya picha yake kila Sikukuu ya Watakatifu Wote, alama za nje zimefutika. Basi mkuu wangu, Bwana Delrez, akaniagiza nifungue mbao za mpini. Chini yake nimekuta mhuri wa wakaguzi wa silaha wa mji huu, na kando yake herufi ndogo ya c. Kila mwaka wakaguzi walizipiga silaha mpya herufi yake, na c ni ya mwaka 1924.

Wajerumani walimuua babu mwaka 1914.

Bwana Delrez alicheka mpaka akakohoa. "Kijana, babu yako kapigana kwa bastola ambayo haijazaliwa! Haya, andika ulichokiona, utie saini. Ijumaa cheti kinakwenda kwa meya."

Sikuandika. Uliwahi kuniambia kwamba bibi alikukabidhi bastola hii ukiwa msichana, akasema baba yako hakufa mikono mitupu. Siulizi aliipata wapi.

Nimerudishia mbao na kukaza skrubu. Tafadhali njoo kabla ya Ijumaa, useme umebadili nia na hutaki tena itundikwe ukumbini kwa meya. Nitakurudishia mwenyewe.

Na mwaka huu, shangazi, mezani tuweke picha ya babu na maua tu.

Mtoto wa kaka yako, mwenye hofu,
Gaspard