Kivuli cha Miavuli Mibovu

Jumamosi, 3 Februari

Daktari amerudia yale yale: mgonjwa atoke nje. Apate hewa, miguu iguse ardhi. Lakini jua kali, hapana! Nikasema ndiyo daktari, nikarudi nyumbani, nikafungua mlango wa nyuma, nikasimama kuutazama uwanja wetu. Uwanja gani huo! Saruji iliyopasuka, tangi la maji, kamba ya nguo, na jua kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Hata paka wa jirani hukatiza mbio.

Mume wangu wote wanamwita Mapaa. Jina la kazi — miaka thelathini kaezeka nyumba za watu. Mwezi wa kumi akapata kiharusi. Mkono wa kulia umelala, mguu anauburuta. Kutembea anatembea, na mkongojo wake, kitandani mpaka dirishani, dirishani mpaka kitandani. Mlango hajauvuka miezi minne sasa. Nilipompa maneno ya daktari akanyoosha kidevu kuelekea ghorofa ya jirani, kwenye roshani inayotazama uwanja wetu. Akasema, yule anione hivi? Basi. Akageukia ukutani.

Kwa hiyo si jua tu, ni macho pia. Jirani huyo, Mama Roshani nimempa jina, haendi popote, yuko pale juu tangu asubuhi, na anachokiona kinafika sokoni kabla yangu.

Nitamjengea kivuli. Kimfiche jua, kimfiche na Mama Roshani. Na sinunui kitu kipya, dawa zimeshatukausha. Mimi ni fundi cherehani, miaka ishirini na sita. Gauni la bibi harusi nimewahi kulitoa kwenye pazia na hakuna aliyejua. Kivuli ndicho kinishinde?

Jumatatu, 5 Februari

Nimepita kwa fundi miavuli pale sokoni. Kazungukwa na miavuli iliyokufa, vyuma nje nje. Nikamuuliza vitambaa vyake huvipeleka wapi. Akacheka — jalalani, mama, nani avitake? Mimi! Kitambaa cha mwavuli hakipitishi maji, ni chepesi, na kimeshakatwa pembetatu tayari. Tukapatana: yeye anipe vitambaa, mimi nimtilie zipu koti lake la mvua. Fundi miavuli mzima, anatembea analowana!

Nikarudi na magunia mawili. Nikamkuta wifi yangu, dada yake Mapaa, ambaye kila Jumatatu huja kukagua kama namlisha kaka yake. Akauliza nimeanza lini kuokota takataka. Nikamwambia leo, na zikiisha nitaanza kuokota mawifi. Akacheka bila kupenda. Kisha akanishika mkono: tafadhali, usimsumbue kaka na mambo ya ujenzi. Usimuulize lolote. Atakumbuka kazi yake, ataumia. Nikaona ana haki. Nikaahidi.

Alhamisi, 8 Februari

Siku tatu cherehani haijapoa. Pembetatu kwa pembetatu, mshono wa kukunja mara mbili, kama wa suruali ya jinzi. Nyeusi, bluu, ya maua, ya mistari, moja ya mtoto ina bata wa njano. Sindano tatu zimevunjika. Kwenye kila kona nimeshona mkanda wa begi kuukuu, na pete ya chuma.

Nimekitandaza sebuleni, kimetoka kochini mpaka mlango wa jikoni. Nikaketi katikati. Siringi — ah, nani anasoma hapa? Naringa!

Jumapili, 11 Februari

Kimesimama!

Kona mbili nimezifunga kwenye kulabu za ukutani, Mapaa alizipigilia mwenyewe zamani. Mbili kwenye mabomba chakavu ya maji, niliyoyasimamisha ndani ya madebe ya rangi na kuyajaza kokoto na saruji iliyobaki stoo. Benchi nimelitoa kwenye kreti za mbao. Mito nimeijaza vipande vya nguo vya miaka mingi. Upande wa roshani, pazia la magunia. Kisha nikavuta kamba mpaka kitambaa kikanyooka kabisa. Hakuna mkunjo hata mmoja. Mkunjo siupendi, wateja wangu wanajua.

Mama Roshani akapaza sauti: sarakasi inaanza saa ngapi? Nikamjibu tiketi zimekwisha. Na utamu wenyewe ni huu: nilimsikia tu, sikumwona. Kama mimi simwoni, na yeye hatuoni!

Mapaa alitazama kutoka dirishani kwa muda mrefu. Akasema, "Mmh." Nikasubiri. Akarudi kitandani.

Jumanne, 13 Februari

Mvua. Mchana kweupe, nimeishika chai yangu nikiitazama kazi yangu kwa raha zote. Maji hayakumwagika. Yakakaa. Katikati kukaanza kushuka, kukashuka, likawa tumbo la mimba ya miezi tisa. Bomba moja likainama, likaenda chini na debe lake. Puuu! Maji yote kwenye mito. Juu kule mtu anacheka mpaka anakohoa.

Lakini hakuna mshono ulioachia. Hata mmoja! Hilo naliandika kwa wino.

Nililia jikoni, kidogo. Ndipo nikasikia kioo kinagongwa. Mapaa, dirishani, kwa mkongojo. Ameinua kiganja cha kushoto, anakilaza mshazari, hivi, mara tatu. Nikafungua dirisha.

"Umekitandika kama kitambaa cha meza," akasema. "Maji yanataka njia."

Nikawaka. Kumbe uliona tangu Jumapili? Na ukanyamaza?

"Hukuniuliza."

Nimekaa na neno hilo mchana kutwa. Ni kweli. Miezi minne tunamuuliza umekula, umelala, umemeza dawa. Hakuna aliyemuuliza jambo analolijua. Na mimi ndiye wa kwanza, naona aibu kuliandika.

Ijumaa, 16 Februari

Leo nimemuuliza. Uuuwi, nilijitakia!

Kiti chake dirishani, mimi kwenye ngazi. Ukutani juu, kwenye mabomba chini. Bomba la kando ya tangi liwe chini kuliko mwenzake, ili maji yote yaende kona moja, yaingie kwenye ndoo. Kamba izungushwe mara mbili kabla ya fundo. Si hapo! Juu! Mama we, hiyo ni kamba au lesi ya gauni? Nikamwambia aje afunge yeye, kama anajua sana. Ulimi! Nikaganda kwenye ngazi. Yeye akaendelea tu: kaza.

Wifi akaingia mbio, kasikia kelele kutoka barabarani, akadhani tunagombana. Akataka kufunga dirisha, kaka apumzike. Nikamwambia mwache, wifi, yuko kazini. Akasimama pale, akamsikiliza kaka yake anavyofoka. Akajifuta macho na kanga, akaenda kuosha vyombo visivyo vichafu. Mapaa amekula sahani mbili.

Sasa hili lingine. Kona ya tangini haionekani kutoka dirishani. Akauliza, "Ile imekaaje?"

Ilikuwa imekaa vizuri. Vizuri mno! Nikafungua mdomo nimwambie. Halafu nikasema: mbona mimi naiona imepinda.

"Imepinda vipi?"

Sijui kueleza, mimi fundi wa nguo. Mpaka mtu aione.

Kisha nikatoka, nikaifungua ile kona, nikaifunga upya ovyo. Kwa mikono yangu mwenyewe! Miaka ishirini na sita sijawahi kutoa kazi mbovu kwa makusudi. Vidole vilikataa, nikavilazimisha.

Jumapili, 18 Februari

Manyunyu asubuhi. Maji yanaikosa ndoo, yanapiga mfuniko wa tangi. Ta. Ta. Ta. Chumbani Mapaa anageuka huku, anageuka huku.

Mama Roshani, sauti ya kufika mtaa wa pili: jirani, kona yako imekwenda upande! Nikasema naiona, ahsante. Kumeza hilo! Ningemwonyesha ile mishono angefunga mdomo.

Mapaa: "Irekebishe."

Nimejaribu, nikasema. Imenishinda. Neno hilo sidhani kama amewahi kulisikia kutoka kwangu. Alinikazia macho. Nadhani amenishtukia. Baada ya chakula akauliza viatu vyake viko wapi. Nikamwambia. Hakuviomba. Nimevifuta vumbi, nimeviweka mlangoni. Cha kushoto nimelegeza kamba, cha kulia nimezitoa kabisa.

Jumatatu, 19 Februari

Saa nne kasoro. Niko kwenye benchi langu. Jua limeshapanda lakini hapa chini kuna ubaridi mtamu, na rangi — daftari ni bluu huku, nyekundu huku, na yule bata wa njano ametua karibu na kidole gumba. Hakuna mwenye kivuli kama hiki mtaa mzima. Hakuna!

Ile kona bado imepinda. Nimeipa mgongo nisiione.

Mkongojo. Ndani, kwenye korido. Pengine anakwenda msalani.

Hapana, umepita msalani.

Komeo la mlango wa nyuma. Siinui kichwa. Nikiinua atarudi, namjua. Naandika tu, naandika chochote, leo Jumatatu, jua kali, wifi atakuja. Mlango umefunguka. Kiatu kinaburuta kwenye saruji. Kinasimama. Kinaburuta tena. Mama Roshani anakohoa kule juu, anavuta kiti. Kohoa, mama. Vuta. Huoni kitu.

Amenipita. Nimeona viatu tu. Vyote viwili.

Anahema. Yuko kwenye kona.

"Nani kafunga uchafu huu?"

Mimi, nasema. Sauti imetoka nyembamba.

Anacheka puani. Namsikia anahangaika na fundo, mkono wa kushoto, meno. Kamba imeachia upande mmoja, kitambaa kinapiga piga, jua limeniingia usoni. Sasa nimeinua kichwa. Amesimama juani, jasho linamtoka, kamba ameishika juu, na kutoka roshani pale aliposimama anaonekana mzima mzima. Anajua. Hajageuza uso.

"Acha kuandika, Mama. Njoo ushike huku," anasema, kwa sauti ya kazini, ya kufika roshani na zaidi. "Mkono wangu mmoja hautoshi."

Nakuja, nimemwambia, namalizia msta